Hiace 3L imetoka ovahoo, taa ya oili inawaka injini ikipata moto. Naomba ushauri wenu

Mbuyuni Hiace
Habari za jioni wakuu. Nina Hiace injini 3L, inabeba akina mama wa ndizi na nyanya kutoka Mbuyuni hapa Moshi kwenda Kilombero, Arusha. Mwezi uliopita nimefanya ovahoo nzima: kranki (shafti kuu ya injini) imechongwa, beringi za meni (zinazoibeba kranki kwenye bloku) na za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) mpya, pistoni na ringi mpya.

Asubuhi inawaka safi, taa ya oili inazima hapohapo. Nikisimama Boma Ng'ombe kushusha abiria, kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, taa inaanza kupepesa. Nikikanyaga mafuta kidogo, inazima. Nikifika Usa River haipepesi tena, inawaka moja kwa moja mpaka nikanyage.

Nilikuwa na oili 15W-40, nikahamia 20W-50. Taa imechelewa tu, inawaka vilevile. Fundi anasema ni swichi ya presha ya oili inayowasha hiyo taa, nichomoe waya niendelee na kazi. Roho yangu inakataa. Hela ya ovahoo nimekopa kwenye kikoba, injini hii ikifa sina pa kuanzia. Natanguliza shukrani.

Mrombo wa Mkuu
Pole mkuu. Yangu ilifanya hivyohivyo, nikaweka oili nzito zaidi, nikapiga nayo kazi mwaka mzima.

Mzee Spana
Mdogo wangu, waya usichomoe, na abiria usibebe kwanza. Swichi inaweza kuwa mbovu kweli, lakini hilo linapimwa, halikisiwi. Azima geji ya kupima presha ya oili, toa swichi, funga geji palepale. Angalia nyuzi za kufungia: Toyota ni 1/8 PT, nyuzi 28 kwa inchi, na geji nyingi zina 27. Ikigoma kuingia kwa mkono usiilazimishe, tafuta adapta, utapasua bloku bure. Pima ikiwa baridi, kisha ikiwa imechemka vizuri, kwenye sailensa na kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Utuletee namba.

Mrombo, namshukuru Mungu yako ilikuvumilia. Lakini oili nzito inapandisha geji tu, nafasi iliyo kwenye beringi iko palepale. Na asubuhi za Julai huko Arusha oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemshafti, ile inayofungua vali.

Mbuyuni Hiace
Nimepima leo Mzee. Baridi, sailensa: psi 50. Ikiwa ya moto, sailensa: psi 4. Moto, mizunguko 3,000: psi 21. Nimerudia mara 2.

Mzee Spana
Basi swichi haina kosa, ilikuwa inakwambia kweli. Kwa kawaida mafundi tunataka psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, yaani hapo 3,000 ungekuwa na 30 au zaidi.

Namba zako zinaongea. Chujio la kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) likiziba, mara nyingi sailensa inakuwa nzuri halafu presha inaanguka ukikanyaga. Vali ya kupunguzia presha ikikwama wazi, hata asubuhi usingeona 50. Yako inakufa kwenye joto na kufufuka ukikanyaga: oili ikishakuwa nyepesi inakimbia pembeni ya beringi. Au pampu imechoka. Ulibadilisha pampu?

Mbuyuni Hiace
Pampu ni mpya, nilimpelekea fundi kwenye boksi. Kranki sikuona ikipimwa, ilirudi imefungwa kwenye gunia.

Mzee Spana
Hapo ndipo pa kuanzia. Nafasi ikiwa mara 2, oili inayovuja inakuwa kama mara 8, hakuna pampu ya kushindana na hilo. Shusha sampo, nunua plastigeji, ule uzi laini unaobonyezwa kati ya beringi na kranki. Kaza kepu (kifuniko cha beringi) kwa toki, yaani spana ya kupima nguvu ya kukaza, fungua, pima upana wa uzi. Usizungushe kranki uzi ukiwa ndani. Na kwenye meni, kwa kuwa injini iko garini, kranki inaning'inia kwa uzito wake: inyanyue kwa jeki taratibu, la sivyo kipimo kitakudanganya. Unatafuta milimita 0.03 mpaka 0.06 hivi.

Mbuyuni Hiace
Wakuu nimerudi. Konrodi zote 4 ziko 0.05. Meni ya 1 na ya 5 ziko 0.06. Meni ya 2, 3 na 4 zimesoma 0.11 mpaka 0.12. Beringi za katikati zimeanza kuchubuka, ukipitisha ukucha unakwama. Gari halijamaliza hata wiki 4.

Dada Spea
Pole kaka, ila umeiwahi. Ungechomoa waya ungetuletea picha ya konrodi imetoka nje ya bloku.

Mzee Spana
Injini ishuke. Nunua beringi za saizi inayofuata kwanza, zifungwe kwenye bloku, kepu zikazwe kwa toki, zipimwe kipenyo cha ndani, ndipo kranki ichongwe kufuata namba hiyo. Watu wanachonga kwanza halafu wanatafuta beringi, ndiyo maana yanatokea haya. Na plagi za njia za oili kwenye bloku zitolewe zote, zipitishwe brashi na upepo. Vile vichenga vya beringi vimeshaingia humo.

Mbuyuni Hiace
Beringi nimenunua leo mchana, saizi ya 0.50. Kesho nashusha injini. Bloku na kranki nazipeleka mwenyewe Arusha, na nitasimama hapohapo kwenye mashine mpaka anisomee kila meni.