Usaili wa Afisa TEHAMA II (Programu): nguvu niweke wapi?

MbeziJuu
Wakuu, salaam. Nimeitwa usaili wa kazi serikalini, Afisa TEHAMA II upande wa programu, mchujo ni wiki mbili zijazo hapa hapa Dar. Java na PHP naandika vizuri. Nisome nini, na kwenye usaili wa vitendo wanatazama nini hasa?

Karani_Ilala
Hongera mkuu. Anza na karatasi. Beba vyeti halisi: kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, na shahada. Slipu za matokeo hazikubaliwi. Jina la kitambulisho likipishana na la cheti, hata kwa herufi, shughulikia leo hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, maana haipatikani asubuhi ya usaili. Namba ya mtihani inakili kutoka akaunti yako ya Ajira Portal (tovuti ulikoombea kazi) kabla ya kutoka nyumbani.

Jedwali
Java haitakuangusha. Wanaoandika programu kila siku huangushwa na SQL, lugha ya kuuliza kanzidata, kwa sababu wamezoea fremuweki (mfumo-tayari wa kujengea programu) iwaandikie. Chukua daftari, andika kwa mkono. Mfano: toa kila bili na idadi ya malipo yake, hata bili ambazo hazijalipwa.

SELECT b.id, COUNT(m.id)
FROM bili b
LEFT JOIN malipo m ON m.bili_id = b.id
GROUP BY b.id;

Ukiandika COUNT(*), bili isiyolipwa itaonyesha 1 badala ya 0: LEFT JOIN inabakiza mstari wa bili huku upande wa malipo ukiwa NULL (hauna thamani), na COUNT(*) inahesabu mstari wenyewe. Mtego wa pili ni tarehe. Sharti la m.tarehe >= '2025-01-01' ukiliweka kwenye WHERE, bili zisizolipwa zinapotea zote, kwa kuwa NULL haipiti sharti hilo. Liweke kwenye ON.

MbeziJuu
Nimejaribu sasa hivi, kweli COUNT(*) imenipa 1. Ahsante sana mkuu. Na vitendo?

SevaYaPosta
Fanya zoezi la malipo, maana makusanyo ya serikali yanapita GePG (mfumo wa serikali wa malipo kielektroniki) na mfumo wowote wa ada au vibali utakutana nayo. Kiasi cha fedha kiwe DECIMAL(18,2), inayotunza desimali bila kukadiria. FLOAT haiwezi kuhifadhi 0.1 kamili, kwa hiyo jumla itapishana na ya mhasibu. Halafu hili wengi hawalifikirii: taarifa ya malipo inaweza kuja mara mbili, mtandao ukikatika kabla jibu lako halijamfikia aliyeituma. Namba ya muamala iwekee UNIQUE, yaani isijirudie kwenye jedwali. Ikirudi, jibu kwamba imepokelewa, salio usiliguse. Kuingiza malipo na kubadili hali ya bili viwe ndani ya muamala mmoja wa kanzidata, kimoja kikishindikana vyote virudi nyuma. Nywila hashi kwa bcrypt, yaani zigeuze ziwe alama zisizorudishika. MD5 achana nayo kabisa.

Karani_Ilala
Kwa mahojiano, pitia Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usikariri vifungu tu, vihusishe na kazi. Mfumo wako unatunza namba za NIDA: nani anaruhusiwa kuziona, na ukiulizwa nani alizifungua jana saa nane mchana, rekodi iko wapi? Zoea kulijibu hilo kwa sauti, kwa Kiswahili ambacho afisa utumishi asiyejua programu atakielewa.

MbeziJuu
Nimeelewa wakuu. Leo naanza na daftari la SQL, kesho naenda kufuatilia jina la cheti cha kuzaliwa.