Mnato wa mayonezi hubadilika kila ninapopima: kosa liko wapi?

Swali: Ndugu wanajukwaa, ninapima mayonezi yenye mafuta asilimia 75 ya ujazo kwa reomita (kifaa cha kupima jinsi vitu vinavyotiririka) ya sahani mbili bapa. Nikipunguza nafasi kati ya sahani, mnato unaosomeka hushuka, ingawa sampuli na halijoto ni zilezile. Je, kifaa kimeharibika?

Jibu la 1: Sidhani. Matone ya mafuta yanapozidi takriban asilimia 64 ya ujazo hubanana, na emalsheni (mchanganyiko wa matone ya mafuta ndani ya maji) hukaa kama kitu kigumu mpaka mkazo upite kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho mayonezi huteleza juu ya utando mwembamba wa maji uliogusana na sahani laini, nawe unapima utelezi badala ya mayonezi. Tumia sahani zenye mikwaruzo, urudie kwa nafasi mbili tofauti, kisha ulinganishe.

Jibu la 2: Naafiki. Ila ukitaka kujua kwa nini matone hayaungani, utahitaji kuupima mpaka wenyewe wa mafuta na maji, ambako protini za kiini cha yai hujipanga. Huko hutumika pete nyembamba inayozungushwa kwenye mpaka huo, na matokeo huaminika pale tu ukinzani wa utando wa protini hizo unapouzidi kwa mbali ule wa vimiminika vya juu na chini. Subira inahitajika, kwa maana utando wa protini huendelea kukakamaa kwa saa kadhaa.

Muuliza swali: Ahsanteni. Sina sahani za mikwaruzo. Msasa wa maji utafaa?

Jibu la 1: Utafaa, mradi uubandike bila mikunjo na uiweke upya sifuri ya nafasi, yaani pale kifaa kinapoanzia kuhesabu umbali kati ya sahani.