Eti mimi si mkulima! Yule wa dirisha la mbolea leo kanivua nguo mbele za watu

Jembe Halilali:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka sasa hivi kwa wakala wa mbolea ya ruzuku. Jina silitaji, huyo mnamjua, hakuna mtu huku nyanda za juu kusini asiyemjua.

Nimefika jogoo hajawika. Foleni imeanzia dirishani ikaishia kwa vitukuu vyetu. Mara mtandao haupo, mara simu ya kuskani imeisha chaji. Nimevumilia. Zamu yangu imefika, natoa kitambulisho, namtajia namba ya mkulima niliyotumiwa baada ya kujiandikisha kwa mtendaji. Bwana mkubwa anaangalia simu yake, anapaza sauti kama yuko mnadani: "Mzee, mfumo haukutambui. Wewe si mkulima."

Mimi! Si mkulima! Na anaitamka hiyo huku anatafuna HINDI LA KUCHOMA! Kalima nani hilo hindi? Mfumo?

Foleni nzima ikacheka. Mkwe wangu alikuwemo. Nimemuoa binti wa watu kwa jina la ukulima!

Mwaka 2022 mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 ulivuka 130,000, ruzuku ikaushusha hadi 70,000. Tofauti hiyo ni ada ya mtoto. Na DAP ni ya kupandia, mvua imeshashika, nikaimwage mahindi yakishanifika kiunoni? Ananirudisha kwa mtendaji, mtendaji ananirudisha kwake. Hayo yote nayameza. Lile hindi, wakuu! Punje imemruka mdomoni ikatua kwenye kitambulisho changu, ndipo ananiambia mimi si mkulima!

Mtoto wa Kitongoji:
Pole mkuu. Hindi lilikuwa bichi au limekomaa? Toa taarifa kamili.

Bi Matuta:
Huyo huyo! Ekari zangu nne mfumo umezisoma robo ekari. Robo! Makaburi ya ukoo wetu peke yake yanazidi hapo.

Mpita Njia:
Mleta mada, siku ya kujiandikisha ulikwenda kweli au ulikuwa kilabuni?

Jembe Halilali:
Nilikwenda! Ujumbe ninao kwenye simu! Na alikuwa ANATAFUNA HINDI!

Mpita Njia:
Kumbe shida ni njaa. Ungemwomba akumegee.

Mzee wa Vocha:
Watoto wa juzi mnalia na mfumo. Sisi enzi za vocha za mbolea ya ruzuku, 2009, mtu anasainishwa karatasi, anapewa hela ya pombe, mbolea inalala stoo kwa mwingine. Kijijini kwetu hata marehemu walichukua Urea.

Korosho Chungu:
Ninyi angalau mnacheleweshewa mbolea. Huku Mtwara mwaka 2018 tuliambiwa jeshi linanunua korosho kwa 3,300 kilo. Nimesubiri hela mpaka mtoto aliyekuwa anangoja ada kaoa.

Mpita Njia:
Korosho zisiingizwe humu, uzi ni wa mahindi.

Korosho Chungu:
Sisi tunaleta dola. Tuheshimiane.

Bi Matuta:
Dola zenyewe mnakuja kununulia unga kwetu.

Korosho Chungu:
Unga wenyewe wa robo ekari?

Mzee wa Vocha:
Hahaha, hapo Bi Matuta kakamatwa.

Mtoto wa Kitongoji:
Jamani, nani ana watoto wa nguruwe wa kuuza? Nipo Songea.

Bi Matuta:
Ninao, Mbinga. Njoo pembeni tuongee bei.