Mnaopanga bei ya Greenland humu, wenyewe mmewauliza?

Wakuu, wiki nzima nasoma nyuzi za humu kuhusu Greenland, kisiwa kinachojitawala chini ya Denmark ambacho Marekani inakitaka, na leo uvumilivu umeniisha. Kila mtu kageuka dalali. Huyu anasema Denmark iuze ichukue chake mapema, yule anasema Marekani ina hela na jeshi, ipewe. Kuna aliyeandika kabisa kwamba watu wenyewe ni elfu hamsini na kitu, wagawiwe dola yaishe. Yaishe kivipi?

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Aalborg, Denmark. Dada mmoja tunayeingia naye zamu ni mwenyeji wa Narsaq, kusini mwa Greenland. Juzi mezani wenzetu wakaanza habari hizohizo, eti kisiwa kinafika bilioni ngapi. Yeye yupo palepale, anakula visamaki vyake vikavu vya kwao, ammassat, anavivunja vichwa kimoja kimoja. Hakuna hata mmoja aliyemgeukia. Akafunika kopo lake akarudi kwa wazee kabla muda haujaisha. Na mimi nilinyamaza, linaniuma hadi sasa.

Mwaka 1917 Denmark iliiuzia Marekani visiwa vyake vya Karibiani kwa dola milioni 25 za dhahabu. Wadenmark walipiga kura, wenyeji wa visiwa hawakuulizwa. Na humohumo kwenye biashara hiyo Marekani ikatamka kwamba haitaipinga Denmark ikijitanua Greenland nzima. Mwaka 1953 familia za Wainughuit, wenyeji wa kaskazini mwa Greenland, zikaondolewa kwao Thule kwa notisi ya siku chache kupisha kambi ya Marekani. Nchi zote mbili zilikaa kwenye meza ya Berlin 1884 wakati Afrika inakatwa vipande. Halafu sisi ndio tunaandika "iuzwe"?

Tangu Juni 2009 sheria ya Denmark inawatambua watu wa Greenland kuwa taifa lenye haki ya kujiamulia, na uamuzi wa uhuru ni wao. Serikali ya Denmark kule Copenhagen haina cha kuuza pale.

Msiniambie hawataki maendeleo. Juu ya Narsaq kuna mlima Kuannersuit, umejaa madini adimu pamoja na urani yenye mionzi. Chini yake watu wanavua na kufuga kondoo, vumbi la mgodi lingewashukia wao. Wamebishana miaka, ndugu kwa ndugu, mpaka kwenye uchaguzi wa 2021 upande uliopinga mgodi ukashinda, na Novemba mwaka huohuo bunge lao likazuia uchimbaji wa mawe yenye urani kupita gramu 100 kwa tani. Mwekezaji akawapeleka kwenye usuluhishi. Watanzania mnaijua hiyo, tuliburuzwa vilevile baada ya kubadili sheria za madini 2017.

Hela kweli ni tatizo. Karibu nusu ya bajeti yao ni ruzuku ya Denmark, na wanachouza nje karibu chote ni samaki na kamba. Tena wakianza kupata mapato makubwa ya madini, yakivuka kiwango kilichowekwa (kilianzia milioni 75 za kroner, fedha ya Denmark, kwa mwaka), nusu ya kinachozidi inakatwa kwenye ruzuku hiyohiyo. Hapo ndipo pa kujadili kama kweli mnawahurumia! Mtu anajitegemea vipi kwa mkataba wa namna hiyo?

Viongozi wa jukwaa, ule uzi wa "Greenland shilingi ngapi" naomba mbadilishe kichwa chake leo.