Naomba ushauri: tusimamishe uchoraji ili turekebishe hadithi?

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Naongoza utengenezaji wa filamu ya katuni ya dakika 80, na kwa kuwa kila sekunde ina fremu 24, yaani picha tuli 24 zinazofuatana, hata mchoro mmoja ukitumika kwa fremu mbili bado mhusika anayeonekana muda wote atahitaji michoro 57,600.

Tulipounganisha michoro ya awali na sauti na kuitazama yote kwa mfululizo, sehemu ya katikati ilipwaya. Binti aliyefiwa na bibi yake anazungumza mno, ilhali mchoro mmoja wa vidole vyake vikikunja shali ya marehemu ulitugusa kuliko maneno yake yote. Ningependa anyamaze, lakini sauti zimekwisha kurekodiwa na wachoraji wameanza kuchora midomo kwa kuzifuata.

Je, nisimamishe kazi yote, au wachoraji waendelee na mwanzo, ambao naamini umekaa vizuri, wakati mwandishi anarekebisha katikati? Nahofia kwamba ukimya huo utadai mwanzo tofauti kabisa. Aliyewahi kulipitia jambo hili, tafadhali anieleze alitambuaje kwamba hadithi imeiva kiasi cha kuanza kuchorwa.