Ada wameandika 1,300,000 ila jumla inakuja 1,885,000. Naombeni ushauri, usajili umekaribia

Mwana_Rau (mleta uzi)
Wakuu heshima kwenu. Niko Moshi. Mdogo wangu kapata chuo Arusha, shahada ya uhasibu. Barua ya kujiunga inasema ada 1,300,000 kwa mwaka. Ukishuka chini unakuta "michango mingine" 285,000, halafu hosteli 300,000. Sasa ada ni ipi hapo? Na lazima ilipwe yote ndipo asajiliwe? Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu hana. Nimebakiwa na njia mbili: kausha damu (mkopo wa riba kubwa) ya jamaa mmoja wa Mbuyuni, au kuuza kipande cha shamba. Ipi ina nafuu? Wenye matusi piteni kushoto.

Kijana wa Soweto
Kausha damu halafu unauliza nafuu. Mkuu, jina lenyewe limeshakujibu 😂

Karani Mstaafu
Nimekaa dirisha la malipo la chuo mpaka nikastaafu, nisikilize. Ada ya mafunzo ni kitu kimoja, michango ni kingine. Ndani ya hiyo 285,000 utakuta usajili, kitambulisho, mitihani, umoja wa wanafunzi, fedha ya tahadhari, 20,000 ya TCU (tume ya vyuo vikuu) na 50,400 ya bima ya NHIF. Kama ana kadi ya bima iliyo hai aende nayo, hiyo 50,400 asilipe. Ada vyuo vingi wanapokea nusu kwa muhula. Michango ndiyo wanaitaka yote mwanzoni. Kwa hiyo mlangoni anatakiwa na 650,000 pamoja na 285,000, yaani 935,000. Hosteli si lazima. Alipe kwa kontroo namba inayotoka kwenye akaunti yake ya chuo, asimpe mtu hela mkononi hata akiwa amevaa koti la chuo.

Jambo ambalo karatasi ya mwaka wa kwanza haikuambii ni hela ya mafunzo kwa vitendo na ya utafiti huko mbele. Wazazi wengi wanajipanga kwa mwaka mmoja tu, mwaka wa tatu wanakuja dirishani wanalia.

Swali langu: huyo dogo aliomba mkopo akanyimwa, au hakuomba?

MamaMemorial
Mwanangu, usiuze shamba. Mimi nauza mitumba pale Memorial, nimesomesha watatu kwa marobota na VICOBA. Wa kwanza alikosa mkopo kwa sababu cheti cha kifo cha baba yake hakikuhakikiwa RITA (wakala wa vizazi na vifo) mapema, dirisha likafungwa sisi bado tunazungushwa. Wa pili nikaanza kufuatilia makaratasi kabla hata matokeo hayajatoka. Huyo alipata, tena nyingi. Siku hizi ananunua viatu vya dukani, vya mama yake anaona aibu! Vijana wa sasa hawapendi kujishusha. Mwambie mdogo wako aje nimpe robota la kuanzia, kwa mali kauli.

Mzee wa Njoro
Sisi tuliosoma Mlimani miaka ya 80 hatukujua kontroo namba wala nini. Serikali ilikupa chakula, kitanda, na waranti ya treni kutoka stesheni ya Moshi. Ukirudi likizo kijiji kizima kinakuja kukusalimia. Miaka ya 90 ndipo wakaanza kutuimbia habari ya kuchangia gharama. Bodi yenyewe imeanza kazi 2005, ni mtoto wa juzi.

Kijana wa Soweto
Shikamoo mzee. Nusu ya nchi sasa tunachangia lile treni lako.

Karani Mstaafu
Mleta uzi, hujanijibu.

Mwana_Rau
Asante mama, robota nitamwambia. Karani, mkopo aliwahi kuupata, chuo kingine Dar, mambo yakaingiliana. Sasa hivi ni chuo kipya na kozi mpya, nikadhani ya zamani hayahusiani.

Karani Mstaafu
Aliwahi kuupata! Hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Sikiliza, Bodi inamtambua mwombaji kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Abadili chuo, kozi, mpaka dini, ile namba iko naye. Aliahirisha kwa barua au aliacha? Aliyeahirisha rasmi bado ana mahali pa kuanzia kuongea. Aliyeacha anatakiwa arudishe kwanza angalau asilimia 25 ya alichopewa, ndipo afikiriwe upya. Deni linasomaje?

Mwana_Rau
Linasoma 4,860,000. Barua sikuandika, niliondoka tu baada ya boom (hela ya kujikimu) la muhula wa tatu.

Chai_Rangi
"Sikuandika." "Niliondoka." Mdogo wako yuko wapi jamani? 😂😂 Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga, tena ina tangawizi. Halafu nimepita kwenye nyuzi zake za zamani. Mwaka jana huyu huyu alikuwa anauza Noah, "gari la mke wangu, halijapigwa hata mkwaruzo". Leo ni mtoto wa shule?

Kijana wa Soweto
Ngoja nivute kiti. Kuna vitumbua?

Mwana_Rau
Sawa, ni mimi. Niliandika mdogo wangu kwa sababu mnajua mnavyowashukia watu humu. Noah haikuwa yangu, nilikuwa dalali. Chuo niliacha 2023 nikaenda Mirerani kwenye machimbo ya tanzanaiti na binamu. Si kwamba nilikuwa mjinga, wapo waliotoka. Sasa nimerudi, nina miaka 25, nataka kusoma. Kuna ubaya gani?

Chai_Rangi
Hakuna ubaya, ongeza sukari tu.

Apolo wa Zamani
Mimi nimeshuka mashimo yale kabla hawajajenga ukuta. Mleta uzi, kama si chai, nijibu: ulikuwa kitalu gani, na ulikuwa unalipwaje?

Mwana_Rau
Kitalu D. Kulipwa hakuna. Unakula na kulala kwa tajiri mwenye mgodi, jiwe likitoka ndipo mnagawana. Kwetu halikutoka. Getini unakaguliwa mpaka soksi.

Apolo wa Zamani
Huyu alikuwepo. Chai_Rangi mwache. Tangu yule mchimbaji Laizer auze yale mawe mawili ya tanzanaiti 2020 kwa bilioni 7 na ushee, kila kijana wa huku anajiona ana jiwe lake linamsubiri chini. Mimi mwenyewe nilikula vumbi, sasa nina genge Sakina, na sijawahi kuagana na tajiri wangu mpaka leo...

Mzee wa Njoro
Tanzanaiti tumeanza kuichimba 1967, na matajiri wake bado tunawahesabu kwa vidole.

Karani Mstaafu
Turudi kwenye hesabu. Robo ya 4,860,000 ni 1,215,000. Ukiilipa unarudi kwenye foleni ya kuomba, na kuomba si kupata. Mwaka huu hata ukilipa leo dirisha limeshapita. Kwa hiyo uchague: uanze sasa kwa 935,000 ujue kila muhula ni wewe na mfuko wako, au usubiri mwaka, ulipe hiyo robo kidogo kidogo kutoka kwenye kazi, uombe kama watu wengine. Ningekuwa wewe ningesubiri. Na hilo shamba unalotaka kuuza ni la nani, maana hujasema.

Mwana_Rau
Kusubiri siwezi. 400,000 nimeshalipa kwenye kontroo namba juzi. Shamba ni kihamba (shamba la ukoo) cha baba, marehemu. Mimi ndiye kitinda mimba, kwa mila yetu nyumba na kihamba ni vyangu, kwa hiyo simwibii mtu. Jirani ameshanipa advansi ya 800,000 kwa kile kipande cha juu. Mama bado sijamwambia, presha yake iko juu.

MamaMemorial
Mungu wangu. Mila hiyo hiyo inasema unamtunza mama yako humo kihambani! Advansi mrudishie huyo jirani kesho asubuhi. Kaka zako wanajua?

Mwana_Rau
Kaka zangu wako Dar, hawajatuma hata elfu kumi ya dawa. Wakija Desemba kula mbuzi ndipo watajua. Mama MM, nakuheshimu, lakini hela nimeshaigusa, imebaki nusu.

Karani Mstaafu
Basi hiyo nusu usiiguse. Ongeza 535,000 kwenye ile 400,000, muhula umefunguka. Na kabla ya maandishi yoyote na jirani, mama na kaka zako wakae mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Siandiki tena.

Mwana_Rau
Nimekusoma mzee. Nitaleta mrejesho.

Chai_Rangi
Mrejesho wa Noah bado tunaungoja.

Mnunuzi_Arusha
Mkuu, hicho kihamba kiko upande gani, Kibosho au Machame? Mfongo (mfereji wa maji) unapita? Njoo PM, 800,000 huyo jirani anakupunja.