Tupeane uzoefu: kuishi na kichwa kilichowahi kuumia

BintiMkomani (Lamu)
Assalam alaikum nyote. Kidonda cha kichwani hufunga, nywele zikaota, watu wakasema "alhamdulillahi, ameshapoa." Mliomo ndani ya nyumba mnajua hajapoa. Kaka yangu alianguka kutoka darini kwenye ujenzi. Anatembea, anaswali, anacheka. Lakini mtume dukani vitu vitatu, atarudi na kimoja au arudi mikono mitupu. Punda wakipita kichochoroni na shehena ya mawe, na mwenyewe akipiga kelele apishwe, huziba masikio akachutama palepale.

Sitaki kuambiwa tusubiri. Nataka kujua wenzangu mwaupitishaje mchana. Sisi vya dukani tunamrekodia sauti kwenye simu, asikilize akifika, maana karatasi alikuwa akizipoteza. Na jambo lolote la kufikiri tunalimaliza kabla ya adhuhuri. Alasiri kichwa chake kimeshafunga duka.

MamaMahamri (Malindi)
Mimi nilianguka na bodaboda. Kichwa kilitulia upesi, kilichoondoka ni harufu. Na kazi yangu ni mahamri na mbaazi za nazi! Hebu fikirieni mpishi asiyesikia iliki. Vitunguu vinaungua nimesimama hapohapo, tui linachacha sijui. Daktari alinieleza kwamba mishipa ya harufu ni myembamba kama uzi na hupenya vitundu vya mfupa ulio juu ya pua. Kichwa kikitikisika kwa nguvu, hukatika. Kwa wengine harufu hurudi, yangu bado.

Sasa napika kwa saa. Nazi nakuna ya siku hiyo tu, na binti yangu ndiye mwonjaji. Mtungi wa gesi nimeutoa nje kabisa, kwa sababu ukivuja ndani sitajua. Hilo hakuna aliyeniambia hospitalini. Nililiwaza siku jirani alipoingia jikoni kwangu akipiga ukelele huku mimi nakanda unga sina habari.

Wateja wanasema mahamri ni yaleyale. Nawaamini, nifanyeje.

NahodhaMstaafu (Lamu)
Upepo uligeuka ghafla karibu na Manda, foromali, ule mti unaoshika tanga, ikanipiga kichwani. Nilizimia, nikazinduka, nikasema niko sawa. Kizunguzungu kilikuja baadaye. Sivuki tena usiku. Mchana mwanga wa jua ukirudi kutoka majini huniuma kichwa mpaka natapika, basi kofia ya ukili na miwani nyeusi haviniachi. Dawa ya maumivu nameza kila asubuhi.

Kazi iliyobaki ni kukalafati, yaani kuziba nyufa za vyombo, na kushona nyavu. Hiyo ni kazi ya mkono, hainidai maneno. Maulidi nimeyapenda tangu utotoni lakini matwari siyawezi, nayasikiliza kutoka chumba cha ndani, mlango umefungwa. Wapo wanaosema nina maringo. Nawaacha.

Mswafi
Poleni sana. Wazee wetu wangewapeleka kwa mwalimu wakapate kisomo na kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Msidharau.

BintiMkomani
Kombe amekunywa, na kisomo kinamtuliza kweli. Nisiyemkubali ni yule aliyetuambia tuache dawa za hospitali mpaka jini atoke.

MkeWaMaweni (Malindi)
Nyinyi mna vitu vya kushika. Langu ni hasira. Mume wangu alikuwa mpole hata mama yangu akimtania. Tangu ajali ya tuktuk, chai ikipoa ni ugomvi, kisha baada ya muda amesahau, ananiuliza kwa nini nimenuna. Pesa humpa yeyote atakayemsalimia vizuri. Namba ya siri ya M-Pesa ninayo mimi sasa, na ndugu zake wananiita mwizi.

Nimeshazijua dalili. Akianza kusugua paji la uso nawatoa watoto nje, nazima redio, sijibu neno. Nikibishana ndipo sahani huruka. Jioni akilala naketi barazani na mashemeji wakipita wanasema "mwenzio keshapona, mshukuru Mungu." Nashukuru. Lakini naishi na mgeni mwenye sura ya mume wangu, na nimechoka.

Muuguzi_Pwani
Dada, pole. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya hilo paji analolisugua, ndiyo humzuia mtu asitende kila linalomjia, na ndiyo hupondeka mara nyingi kichwa kikigonga. Hakuchagua tabia hii. Hata hivyo, akikuinulia mkono toka na watoto, uwaite wazee na urudi naye hospitali. Ugonjwa haukulazimishi kupigwa.

Tunapima kuzinduka kwa alama 3 hadi 15. Wenye 13 hadi 15 huitwa walioumia kidogo, na wengi wao hupata nafuu katika wiki au miezi michache. Hiyo "kidogo" ni ya siku ya ajali tu, haisemi utaishije mwakani. Skani ikiwa safi pia si ushahidi kwamba ubongo haukuumia.

Nahodha, dawa ya maumivu ukiimeza kila siku kwa muda mrefu huzaa maumivu mengine ya kichwa. Muone daktari akupangie upya.

Wenye wazee nyumbani: mzee akijigonga, damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, dalili zikaja wiki kadhaa baadaye. Akianza kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa au kuburuta mguu, msiseme ni uzee.

NduguWaMkwezi (Malindi)
Kaka yangu alianguka mnazini akiangua nazi. Kifafa kilianza miezi baadaye. Hapandi tena, na baharini hata maji ya magotini haingii peke yake. Ramadhani ilitutatiza, daktari akampangia dawa ya kumeza magharibi na wakati wa daku. Msijipangie wenyewe.

BintiMkomani
Na kadi ya ulemavu, wanampa mtu asiye na kilema cha kuonekana?

NduguWaMkwezi
Kaka anayo. Unapimwa kwanza katika hospitali ya serikali inayofanya vipimo hivyo, kisha unasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usimwache aingie peke yake. Kaka alipoulizwa hali alijibu "sijambo, naenda kazini," na fomu ikaandikwa hana tatizo. Tuliporudi niliingia naye na daftari: lini alianguka kifafa, lini alipotea njia ya nyumbani, nani alimrudisha. Na beba karatasi za hospitali za siku ya ajali, ndizo tulizoulizwa kwanza.